Rashi ya Kilima cha Msalaba

Wifi yangu Scolastika akikasirika hafoki, anafua. Ukipita kwake ukakuta kamba zimejaa mashuka mpaka yanagusa ua wa jirani, ujue mdogo wangu Mayala amefanya jambo. Mimi ni Mageni, na huyo Mayala tumetoka tumbo moja. Nimembeba mgongoni mama akiwa shambani, kwa hiyo nikimsema asinune mtu. Pale machimboni, karibu na Bulyanhulu, hakuna nyumba iliyokuwa na mashuka safi kuliko ya kwao.

Scolastika ni mtoto wa katekista wa Nyahanga, kule Kahama mjini. Amekua akipiga kengele ya kanisa na kufagia mbele ya altare, na nyimbo za misa anazijua hata beti zile ambazo kwaya huziruka. Mayala alimwona sokoni siku aliyotumwa kununua mpini wa sururu. Mpini hakurudi nao. Baba yetu akatoa ng'ombe, wazee wa pande zote mbili wakala wakashiba, na kwa mila zetu Wasukuma mambo yakawa yamekwisha. Kwa kanisa yalikuwa hayajaanza.

"Nikipata mali tu, tunafunga ndoa," Mayala alimwambia. Machimboni mali ni dhahabu, na kila mwanaume pale ana jambo lake linaloisubiri. Tatizo la mdogo wangu si ubaya wa moyo, ni kupenda sifa. Alitaka suti, alitaka fahali wawili, alitaka spika za kutikisa mabati, na gari lenye maua likamchukue mkewe mlangoni kwa katekista mbele ya wale wote waliosema binti kakimbilia kwa mchimbaji. "Siwezi kumpeleka mtoto wa katekista altareni na kandambili," ndivyo alivyokuwa akisema. Basi akachimba. Alichimba duara moja baada ya jingine, ndivyo tunavyoyaita mashimo ya dhahabu, na kila duara alilipa jina: kulikuwa na Tumaini, kulikuwa na Jaribu Tena, na lile aliloliita Mama Mkwe kwa sababu lilimpa maneno tu. Yote yalimtolea magwangala, mawe matupu ya kumwaga pembeni. Ritha mtoto wao akazaliwa, akasoma, akaenda Mwanza kusomea unesi, na mali haijaja.

Hicho ndicho kilichokuwa kinamuumiza wifi yangu. Kila Jumapili watu wakisimama kwenda kupokea komunyo, yeye alibaki kwenye benchi, maana anayeishi na mume bila ndoa ya kanisa hapokei. Alijibana, akageuza magoti pembeni ili wenzake wapite, halafu wakirudi akayageuza tena. Watu walishazoea, wanapita wakimwambia ahsante bila hata kumwangalia. Mimi nilikuwa napita kwenye magoti hayo nikiwa na hasira ya kutaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe yuko shimoni anatafuta fahali wa harusi.

Sasa niwaambie kuhusu hija yetu. Kila mwaka, mwezi wa tisa, kwenye sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, tunakwenda kwa miguu mwendo wa siku mbili hadi kilima kimoja cha mawe kilichoko peke yake porini. Juu yake kuna msalaba wa chuma ambao wazee wetu waliupandisha kwa kamba. Watu wa Isaka wana njia yao, wa Kahama wana yao, na sisi wa machimboni tunatokea upande wetu. Desturi ni moja kwa wote: kila mtu anabeba jiwe kutoka kwake. "Chukua cha nyumbani kwako kinachokulemea, ukakitue miguuni pa Bwana," ndivyo tulivyofundishwa. Wakulima wanaleta jiwe lililowavunjia jembe. Wa Isaka wanaleta kokoto za reli, na sisi tunawacheka kila mwaka kwamba ama dhambi zao ni ndogo au shingo zao ni laini.

Wifi yangu alikuwa akichukua jiwe lake kwenye lundo lililo nje ya duara la Mayala, asubuhi ya kuondoka, analifunga kwenye kitenge na kujitwika. Mayala hakuwahi kuuliza. Alijua mkewe anakwenda "kwenye mambo yenu ya kanisa" na kwamba atarudi na miguu imevimba. Ni kilima gani, kiko upande gani, hakujua. Mwezi wa tisa maji ya shimoni yamepungua, na mchimbaji hana habari na kitu kingine duniani. Jirani yao Kudra, mwanamke wa Kiislamu kutoka Ujiji anayepika chapati karibu na karasha la kusagia mawe, alimwambia siku moja, "Shemeji, mimi naswali msikitini, lakini njia ya hija ya mkeo naijua kuliko wewe." Mayala akaagiza chapati nyingine.

Mwaka jana goti la kulia la wifi lilikuwa limeanza kugoma. Nikamshauri apande gari pamoja na wazee. Nilipopita kesho yake nikakuta mashuka yote yako kwenye kamba, nikajua nimekosea.

"Wifi," akaniambia huku akikamua shuka la mwisho, "mwaka huu nakwenda kwa miguu, namwambia Mungu mara ya mwisho. Nikirudi vilevile sitamsumbua tena. Nitakaa kwenye benchi langu mpaka nizikwe."

Alisema hivyo na macho makavu. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, mpaka Kudra akaja mbio kuuliza nani kafa.

Basi tukaondoka. Jamani, hija ina raha yake, asikudanganye mtu! Mbele unakwenda msalaba wa mbao, nyuma yake kwaya, halafu sisi wengine na masufuria, madumu ya maji, mikeka, na mawe kichwani. Njiani tulikuwa tunatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa mpaka vikawa vigumu kama soli. Utamu wake unatoka polepole, na ukiwa nayo mdomoni huwezi kusengenya, kwa hiyo ni chakula kinachofaa kwa hija. Vijijini watu walitoka na maji ya kunywa. "Mwadila!" wanatupungia. "Mwadila!" tunaitikia, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Wifi alichechemea, lakini kila nilipotaka kumpokea jiwe alilishika kwa mikono miwili kama vile nataka kumwibia.

Siku ya pili alasiri, pale njia ya Kahama inapokutana na yetu, akatokea dereva wa bodaboda anaitwa Boaz, amepakia madumu ya dizeli ya kupeleka machimboni. Alikuwa mgeni huku, katoka Mbeya miezi michache nyuma, Mlokole, na habari za hija yetu hakuwahi kuzisikia. Akasimama, akazima pikipiki, akatuangalia tukipita.

Jiweke mahali pake. Unaona mamia ya watu wanatoka kila upande kuelekea kilima kimoja kisicho na kijiji wala duka. Wamebeba masufuria, mikeka, maji. Wamebeba mawe. Huku kwetu kitu kinachowatoa watu majumbani namna hiyo ni rashi, siku dhahabu inapoonekana mahali papya na watu wakapakimbilia. Leo ni pori, kesho ni mji, na wa kwanza kufika ni akina mama wapishi.

"Shikamoo, mama," akanisalimia.

"Marahaba, mwanangu."

"Kuna nini kule?"

"Tunakwenda kusali."

Akaliangalia jiwe langu, akaniangalia mimi, akatabasamu. "Sawa, mama. Kusali."

Ndiyo desturi ya rashi. Aliyepajua mahali hasemi. Ukimuuliza, atakwambia anakwenda msibani, au anakwenda kumwona shangazi mgonjwa, na jibu likizidi kuwa jema ndivyo muulizaji anavyozidi kuamini kwamba amefichwa. Boaz akamuuliza mzee mmoja wa Isaka, akaambiwa kusali. Akamuuliza sista, akaambiwa kusali. Watu wote hao na jibu moja, na mmoja wao ni mtawa! Akaona hawa wamepanga, tena wamepanga vizuri. Akatupiga picha kwa nyuma, akaituma kwenye kundi la simu la wachimbaji, na maneno yake yalikuwa matatu tu: Kilima kimetema, wahini. Mwamba ukitoa dhahabu, wachimbaji husema umetema.

Yaliyotokea machimboni nimesimuliwa na Kudra. Mayala alikuwa kwake anakunywa chai wakati picha inaingia. Anasema aliikuza ile picha kwa vidole mpaka jiwe moja likajaa kioo chote cha simu. Lilikuwa jiwe jeusi lililochomoza kwenye nguo, na katikati limepitwa na uzi mweupe.

"Mnauona mwamba huu?" akawaambia wenzake. "Ni kama wangu kabisa! Si nilisema? Nilisema mwamba huu una mali, ila unaanzia mbali!"

Kudra akainama kutazama. Yeye hakutazama jiwe, alitazama kitenge kilicholifunga, kwa sababu kitenge kile alikwenda na Scolastika kukinunua. "Shemeji, huyo aliyelibeba..." akaanza, lakini Mayala alikuwa ameshachukua sururu na karai, anahangaika kupata pikipiki. Kudra anasema angeweza kumwita kwa nguvu, na sauti anayo. Anasema alifikiri kidogo, akaona ni heri ageuze chapati zake zisiungue.

Kwenye rashi huulizi jina la mahali. Unafuata vumbi la aliyetangulia, na wewe unamwachia vumbi anayekufuata. Ndivyo walivyokuja, usiku kucha.

Sisi wakati huo hatuna habari. Asubuhi ya sikukuu tulipanda kilima kwa Njia ya Msalaba, kituo kwa kituo, tukiimba. Karibu na kilele kuna mwamba mmoja mteremko, laini kwa kusuguliwa na mvua, na pale wazee wote wanatambaa. Wifi alilifunga jiwe lake mgongoni kama mtoto, akashika mwamba kwa vidole, mimi nikamsukuma kwa nyuma. Mahali nilipomsukumia si mahali pa kumshika wifi yako mbele ya watu, lakini hija ina mambo yake. Tulifika juu tunacheka na tunalia kwa pamoja, na goti lake limechubuka.

Misa iliongozwa na Padri Valerian, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Wakati wa matoleo tulipanga mstari, kila mtu na jiwe lake, kwenda kulitua chini ya msalaba. Lundo la pale ni kubwa, limekusanywa miaka na miaka. Wengi wanatupa tu, lakini Scolastika ana mpango kwa kila kitu. Mawe yake anayaweka upande wa kushoto, amepanga moja juu ya jingine kama masufuria kwenye kichanja. Aliliweka la mwaka ule juu kabisa, akapiga magoti palepale, akainamisha kichwa. Nilijua anachosema. Nilikuwa nyuma yake kwenye mstari, nikaomba na mimi, ingawa ombi langu lilikuwa na matusi kidogo kwa mdogo wangu.

Ndipo tukasikia pikipiki.

Zilikuwa nyingi, zinanguruma chini ya kilima kama mashine za karasha. Halafu zikanyamaza, tukasikia viatu kwenye mawe, vyuma vinagongana, watu wanahema. Wakatokeza mmoja mmoja juu ya ule mwamba laini: wanaume wa machimboni, na sururu, na makarai, na tochi kichwani jua likiwa limewaka. Kwaya ikapoteza sauti ya tatu, na ya kwanza ikafuata.

Rashi ina sheria yake ya kupata kiwanja. Anayetangulia kulaza sururu yake mahali, pale ni pake, na mwenye fujo atagombana na watu wote. Mayala alikuwa mbele. Alipoona lundo la mawe chini ya msalaba, akajua wenzake wameshachimba na wamekusanya, na kama asipowahi amekwisha. Akapita katikati ya mashemasi, akapita pembeni ya Padri Valerian, akalaza sururu yake juu ya lundo na kupiga kelele kwa pumzi yake yote iliyobaki.

"Hapa pa Mayala! Pamewekwa!"

Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu hata asiyetujua angeona tunafanana pua.

"Amina," akasema Padri Valerian kwenye kipaza sauti.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mayala hakucheka, kwa sababu hakuwa anasikia. Mchimbaji akifika mahali, kwanza anatazama jiwe. Akaokota la juu, akalitemea mate, akalifuta kwa kiganja na kulielekeza kwenye jua. Sista mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa naangalia uso wa mdogo wangu, nikaona unabadilika. Akaliweka chini taratibu, akaokota la pili, akalitemea mate. Akaokota la tatu, lenye wekundu wa matofali.

"Hili ni la kwangu," akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Na hili la kwangu. Hili ni la Tumaini, kule tulikokutana na maji. Hili la Mama Mkwe." Akageuka. "Nani kaleta mawe yangu hapa?"

"Ni mimi, Baba Ritha."

Alikuwa hatua moja kutoka kwake, bado kapiga magoti, na kile kitenge begani.

"Mama Ritha? Wewe? Tangu lini?"

"Tangu Ritha yuko mgongoni."

"Magwangala haya? Ya nini sasa?"

"Tuliambiwa kila mtu alete cha nyumbani kwake," wifi akamjibu kwa ile sauti yake ya taratibu. "Cha nyumbani kwangu ndicho hiki."

Mayala akaliweka jiwe chini. "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unaniombea nipate mali."

"Hapana. Dhahabu sijaiomba hata siku moja."

"Sasa ulikuwa unaomba nini?"

"Nilikuwa naomba uje."

Jiwe langu lilikuwa bado kichwani, na machozi yananitoka, na siwezi kuyafuta kwa sababu nimelishika jiwe. Nilimpenda sana wifi yangu pale. Na huyu mdogo wangu mpumbavu, nilimpenda pia, kwa sababu niliona anashusha macho na kutazama miguu yake. Alikuwa na kandambili, tena ya kushoto bluu na ya kulia nyekundu, alivyozivaa kwa haraka. Amesimama mbele ya altare, mbele ya mtoto wa katekista, hana suti, hana fahali, na hakuna kitu kilichoanguka.

"Basi nimeshafika nazo," akasema.

Akavua kofia na ile tochi yake, akamshika mkewe mkono, akamsimamisha. Halafu akamgeukia padri. "Padri, tufungishe ndoa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla akili nyingine haijaniingia."

"Ndugu yangu," akasema Padri Valerian, na kile kicheko kinamtoka puani, "hii siyo rashi. Kuna mafundisho, kuna kuungama, na kwako naona kuungama kutachukua muda. Kuna matangazo Jumapili tatu. Umebatizwa?"

"Nilibatizwa Wiliam."

"Nani anakuita hivyo?"

"Hakuna."

"Basi, Wiliam, ondoa sururu yako kwenye mawe ya Bwana, simama na mkeo, tumalize misa."

Akaiondoa. Alisimama mpaka mwisho, hajui lini akae wala lini apige magoti, anamtazama Scolastika na kumfuata. Siku hiyo wakati wa komunyo wifi alibaki tena nyuma, lakini walibaki wawili, na niliona amemshika mumewe kiwiko kama anayeogopa ataponyoka.

Wale wachimbaji wengine je? Padri Valerian si mtu wa kuacha sururu nyingi namna ile zirudi bure. Baada ya misa akawaambia, "Mmekuja na vyuma, na kilima kina kazi," akawaonyesha ule mwamba laini wanapotambaa wazee. Tukawapakulia wali na maharage, wakala, wakaanza kuchonga ngazi. Walipiga sururu kwa wimbo, mmoja anaanzisha kwa Kisukuma kama vijana wa kulimia mpunga, wote wanaitikia, na kwaya ya Isaka ikaja kupiga ngoma. Nilimwambia Mayala kwamba hapo ndipo mkewe alipokuwa anapanda kwa tumbo kila mwaka, na leo nimemsukuma. Toka hapo hakumpa mtu zamu yake. Scolastika alikaa juu ya mwamba amekunja goti lake bovu, anamtazama mumewe akichimba, na nadhani ni mara ya kwanza kumwona akichimba akafurahi.

Boaz, aliyepanda na wale wachimbaji, alinijia akiwa na aibu na sahani ya pili ya wali. "Mama, kwa nini hukuniambia ukweli?"

"Nilikwambia."

"Lakini ulinijibu kama mtu anayeficha!"

Nikamwongeza maharage. Tena nikwambie, mpaka leo wapo wachimbaji wanaosema mali ipo kule, ila padri amewazuga kwa wali. Wawili niliwaona wakishuka na vumbi la zile ngazi mfukoni, wakalioshe nyumbani.

Ndoa ilifungwa mwezi wa kumi na moja kwenye kigango chetu, mvua za kwanza zinapiga mabati mpaka padri anasema kwa kelele. Wiki nzima kabla ya hapo wifi alifua. Nikaja mbio kuuliza Mayala kafanya nini tena, akanicheka. Kumbe anajua kufua kwa furaha pia, na mimi sikuwahi kuiona. Ritha alikuja kutoka Mwanza. Katekista mwenyewe, mzee sasa na fimbo yake, aliletwa kutoka Nyahanga na Boaz, wamefunikwa turubai wote wawili. Fahali hakuwepo. Kulikuwa na kuku, na pilau ya Kudra, aliyewaamuru wanawake wa kigango jikoni kama jeshi na kuwaambia wote kwamba harusi hii ni yake, maana angefungua mdomo siku ile isingekuwepo. Mayala alivaa shati jeupe na viatu vya kuazima vinavyombana. Katekista alivitazama viatu, akamtazama mkwe wake anavyokunja uso. "Kavae kandambili, mwanangu," akamwambia. Akavaa.

Mimi nilikuwa msimamizi wa bibi harusi, tumekaa benchi la mbele. Ulipofika wakati wa komunyo nikasimama, na kwa mazoea nikasubiri ageuze magoti nipite. Hakuyageuza. Alikuwa ameshasimama kabla yangu. Nilimfuata nyuma, naona mgongo wake ule uliobeba jiwe, na alipofungua mikono kupokea hostia, viganja vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka kwa sabuni.

Tukarudi benchi. Mayala alikuwa analia waziwazi, anajifuta kwa mkono wa shati. Wifi hakulia. Alikaa macho kafumba, mvua inapiga. Halafu akaniegemea, akaninong'oneza sikioni.

"Wifi, nilikuwa nimesahau kwamba ni nyepesi hivi."